Waranti ya gari jipya haizibi pancha

Watu wengi wakinunua gari jipya huku Marekani wanaamini tairi nazo zimo kwenye waranti ya gari, jamani si hivyo. Kwa kawaida tairi zina waranti ya peke yake toka kampuni iliyozitengeneza, na hiyo inaangalia kasoro za kiwandani, ukikanyaga msumari au ukaingia kwenye yale mashimo yanayofumuka barabarani baada ya winta, gharama ni yako. Ndo hapo dila, yaani muuza magari, anakuuzia kinga ya tairi, mkataba wa kulipia tairi ikiharibika barabarani, wakati unasaini makaratasi ya mkopo. Ni hiari! Na bei unaweza kuipigia bageni, maana wakiichomeka kwenye mkopo unailipia na riba juu.

Msumari ukiingia katikati ya tairi fundi anaziba kwa hela ndogo tu, ila ubavu ukichanika hakuna kuziba, ni tairi nyingine, na kama gari inavuta magurudumu yote manne na zilizobaki zimelika sana unaweza ukaambiwa ununue zote nne. Hapo kinga inasaidia kweli. Lakini soma mkataba kabla hujasaini, zipo zinazolipia na rimu, zipo zisizogusa rimu kabisa, na tairi ikishakuwa kipara hawalipi.