Viambato asilia vya kuzuia meno kuoza

Ni kemikali zinazotokana na mimea, maziwa au hata mate yetu wenyewe, zinazotiwa kwenye dawa ya meno, chingamu au dawa ya kusukutulia ili jino lisitoboke. Kujua kuwa kiambato ni cha asili hakutoshi. Tuulize kinafanya kazi gani mdomoni.

Jino huoza kwa asidi. Bakteria wanaoishi kwenye ukoga, hasa Streptococcus mutans, hula sukari na kutoa asidi ya laktiki. Dakika chache baada ya kula kitu kitamu, pH (kipimo cha asidi, hushuka asidi inapozidi) kwenye uso wa jino inaweza kushuka chini ya 5.5, na hapo madini ya kalsiamu na fosfeti huanza kuyeyuka kutoka kwenye enameli, tabaka gumu la nje la jino. Mate huizimua asidi hiyo na kurudisha madini. Mtu akila vitamu mara kwa mara, mate hayawahi kumaliza kazi yake.

Zailitoli ndiyo ninayopenda kuieleza. Ni kitu kitamu kilichomo kwa uchache kwenye matunda, na viwandani hutengenezwa kutokana na mbao au magunzi ya mahindi. Bakteria huyo huivuta ndani akidhani ni chakula, huibandika fosfeti, kisha hushindwa kuimeng'enya. Humlazimu kuitoa nje, nguvu zimekwisha kutumika na asidi hakuna. Utafiti uliofanyika Turku, Ufini, katika miaka ya 1970 ndio ulioipa umaarufu. Hata hivyo ushahidi wake haujafikia uzito wa ule wa floraidi, kiambato cha kawaida cha dawa ya meno, na kwa mbwa ni sumu, kwa hiyo chingamu yake isiachwe ovyo.

Arginini, asidi amino iliyomo kwenye mate, hufuata njia nyingine: bakteria wasio na madhara huivunja na kutoa amonia, ambayo hupunguza makali ya asidi. Vipande vya kasini, protini ya maziwa, hubeba kalsiamu na fosfeti hadi kwenye enameli. Mwenye mzio wa protini ya maziwa aviepuke. Katekini za chai ya kijani huzuia kimeng'enya, yaani protini ya kuharakisha kazi za kikemia, ambacho bakteria hutumia kutengeneza gundi ya ukoga.

Lakini sifa nyingi za mimea zimetoka maabara, ambako bakteria huloweshwa kwenye dawa kwa saa nyingi. Mdomoni mate huisafisha dawa hiyo upesi, kwa hiyo kinachoua bakteria kwenye chombo cha kioo huenda kisilinde jino la mtu. Ndiyo maana siungi mkono kuacha dawa ya meno yenye floraidi, sehemu 1000 hadi 1500 kwa milioni, kwa sababu tu boksi la nyingine limeandikwa "asilia". Floraidi yenyewe ni madini yaliyomo kwenye miamba na maji.

Limau na mkaa pia ni vya asili, na vyote vinaweza kudhuru: limau lina asidi kali, na mkaa hukwangua enameli.

Doa jeupe kama chaki, dalili ya mwanzo ya jino kuoza, bado linaweza kurudishiwa madini. Tundu likishafunguka, hakuna kiambato cha kuliziba. Hapo ni kazi ya daktari wa meno.