Mkono Kalamuni: Maneno ya Kiskoti ya Kutia Sahihi

Ukisoma hati za Uskoti za karne ya 16 na 17, hutakawia kukutana na neno subscrive. Maana yake ni kuandika chini: kuweka jina lako mwisho wa maandishi ili yakufunge. Sisi tunasema kutia sahihi, neno lililobeba ukweli ndani yake. Waskoti walishika mahali jina linapokaa.

Zamani muhuri wa nta ulitosha. Mwaka 1540 Bunge la Uskoti likaona hatari yake: muhuri hupotea, hughushiwa, na mtu aweza kuugonga hata baada ya mwenyewe kufariki. Likaamuru hati yenye muhuri peke yake isiaminiwe. Sharti iwe pia na sahihi ya mwenye muhuri na mashahidi.

Na asiyejua kuandika je? Wengi wetu tumezoea dole gumba. Kule mtu aliishika kalamu, na mthibitishaji wa nyaraka, waliyemwita notar, akaandika kwa niaba yake. Hati ikaeleza kwamba mhusika ametia sahihi mkono wake ukiwa kalamuni, ukiongozwa na notar. Katika nyaraka hizi zote, hakuna maneno yanayonigusa kuliko hayo. Kwa mambo mazito, sheria ya 1579 ilidai notar wawili na mashahidi wanne.

Sheria ya 1681 ikawabana mashahidi nao: shahidi asiandike jina lake kama hamjui mhusika, wala kama hakumwona akitia sahihi au kumsikia akikiri kuwa ni yake.

Katika hati hizo hizo utakutana na maneno mengine ya Kiskoti. Wadset ni rehani ya ardhi, na evidentis ni hati za kuthibitisha umiliki. Sasine ndilo linalowachanganya wasomaji. Asili yake ni tendo: kukabidhiwa udongo na jiwe papo hapo kwenye ardhi, notar akiandika aliyoyashuhudia. Baadaye hati yenyewe ikaitwa vivyo hivyo, na tangu 1617 ikawa na daftari lake la kitaifa.

Handwrit, yaani mwandiko wa mtu, ndilo neno la kushughulikia kwa uangalifu unapotafuta habari za mababu. Ukikuta jina chini ya hati, usikimbilie kusema huo ni mwandiko wa mwenye jina. Soma kwanza maneno yanayolizunguka, kwani huenda kalamu iliongozwa.