Warumi 13 haianzii pale tunapoanza kuisoma

Kila ninapofundisha Waraka kwa Warumi, swali la kwanza darasani huwa lilelile: "Mwalimu, Biblia si inasema tutii mamlaka? Sasa mamlaka yenyewe ikiwa ya uonevu?" Huwa naomba kwanza mtu atusomee kifungu kwa sauti. Karibu kila mara msomaji huanzia sura ya 13, mstari wa 1, na kuishia wa 7. Hapo ndipo tunapopotea.

Paulo hakuandika sura. Mgawanyo tunaoutumia unahusishwa na Stephen Langton, Askofu Mkuu wa Canterbury mwanzoni mwa karne ya 13, na namba za mistari ya Agano Jipya ziliwekwa na mchapaji Robert Estienne mwaka 1551. Waumini wa Rumi waliusikia waraka ukisomwa mfululizo. Walisikia kwanza kwamba pendo lisiwe na unafiki, kwamba wawabariki wanaowaudhi, wasijilipizie kisasi, na adui akiwa na njaa wamlishe. Msomaji akaendelea moja kwa moja kwenye mamlaka, kodi na ushuru. Kisha akatamka: "Msiwiwe na mtu cho chote, isipokuwa kupendana." Maneno kuhusu serikali yamezungukwa na upendo mbele na nyuma. Ukiyanyofoa hapo, unabaki na amri ya kutii isiyo na sababu wala mpaka.

Na waliosikia hawakuwa watu wa kudanganywa kuhusu serikali. Waraka uliandikwa Korintho, yapata mwaka 57. Miaka michache nyuma Kaisari Klaudio alikuwa amewafukuza Wayahudi Rumi. Ndiyo maana Akila na Prisila, mume na mke Wayahudi, walikutana na Paulo huko Korintho, kama Matendo 18 inavyosimulia. Anapoandika, wamesharudi Rumi, na kanisa linakutana nyumbani mwao. Hebu fikiria mistari hii ikisomwa sebuleni kwa watu waliowahi kutimuliwa mjini kwa agizo la serikali. Kaisari wakati huo alikuwa Nero. Mwanahistoria Tasito anaeleza kwamba mwaka 58 malalamiko dhidi ya watoza ushuru yalikuwa makubwa kiasi kwamba Nero mwenyewe aliwaza kuufuta. Kwa hiyo Paulo anapotaja kodi na ushuru anagusa jambo lililokuwa likichoma watu.

Naamini anawaambia hivi: ninyi ni kikundi kidogo kisicho na nguvu, msiwaletee jirani zenu balaa kwa ghasia, msikwepe mzigo ambao wengine wanaubeba. Utii anaoutaka ni sehemu ya kumpenda jirani. Lakini tazama pia anavyomweleza mtawala: "mtumishi wa Mungu kwako kwa ajili ya mema." Huko Rumi, ambako Makaisari waliokufa walitangazwa kuwa miungu, kumwita mtawala mtumishi ni kumpangia mahali pake. Mtumishi ana bwana, na ana kazi aliyotumwa. Akiigeuza kazi hiyo kuwa ya kuwaumiza aliotumwa kuwahudumia, Mkristo anayo haki ya kumwambia, na wakati mwingine wajibu. Petro na mitume walipokatazwa kuhubiri hawakupiga mtu wala kutukana Baraza la Wayahudi. Walisema imewapasa kumtii Mungu kuliko wanadamu, wakapigwa, wakaendelea kuhubiri.

Afrika Kusini ilitufundisha jambo hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1985 wanateolojia wa huko walitoa Waraka wa Kairos, wakaonyesha jinsi utawala wa ubaguzi wa rangi ulivyokuwa ukiitumia Warumi 13 kujitakasa.

Makanisani kwetu hatari ina sura nyingine: "Usimguse mpakwa mafuta wa Bwana." Mhasibu akiuliza sadaka imekwenda wapi, anajibiwa kwa mstari huo. Binti akisema amenyanyaswa, ananyamazishwa kwa mstari huo. Jambo hili linaniumiza, kwa sababu ukifungua Zaburi 105 utakuta anayekemewa ni mfalme. Wanaolindwa ni Ibrahimu, Isaka na Yakobo wakati walipokuwa watu wachache, wageni, wakitangatanga taifa hadi taifa. Mungu aliwaambia wenye nguvu wasiwaguse wasio na mtetezi. Kulitumia neno hilo kumkinga mwenye nguvu dhidi ya mnyonge ni kuligeuza kichwa chini, na mchungaji anayefanya hivyo anapaswa kuambiwa na wazee wa kanisa lake, kwa heshima na bila kumung'unya maneno.

Darasani huwa nawarudisha Uganda, mwaka 1977. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa Anglikana hakuwa mwasi. Askari walipoipekua nyumba yake mwezi Februari wakidai kutafuta silaha, yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Rais Idi Amin barua, wakamweleza mauaji na hofu iliyotanda nchini. Walimwandikia kama mkuu wa nchi, na walimwambia ukweli. Tarehe 16 Februari Luwum alikamatwa Kampala pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Serikali ilitangaza kwamba wamekufa kwa ajali ya gari. Walioona mwili wake walishuhudia matundu ya risasi.

Askofu Festo Kivengere wa Kigezi alikimbia na mkewe kwa miguu kuvuka milima hadi Rwanda. Mwaka huohuo alitoa kitabu ambacho jina lake kwa Kiswahili ni Nampenda Idi Amin. Wengi walishtuka, na naelewa. Lakini Kivengere hakuacha kuyataja maovu ya utawala ule. Alikiri kwamba chuki ilikuwa ikimla moyo, na mbele ya msalaba akaona Amin naye ni mtu ambaye Kristo alimfia. Huo ni mwisho wa Warumi 12 ukionekana katika maisha ya mtu halisi, na bila huo sidhani tunaweza kuisoma 13 sawasawa.

Wengi wetu hatutaitwa Kampala. Tutakutana na mamlaka dukani na barabarani. "Ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti" ni maneno ya mamlaka ya mapato Tanzania, na Mkristo mwenye duka asisubiri ukaguzi ndipo ayakumbuke. Trafiki akikutoza faini halali, lipa kwa utaratibu, usimpe kitu kidogo. Mwenyekiti wa mtaa akiitisha mkutano, nenda, na ukiwa na hoja, isimamie.

Ninachokutana nacho mara nyingi zaidi katika ushauri ni muumini anayelipa kodi vizuri, anayewaheshimu viongozi, halafu dada wa kazi nyumbani kwake anamdai mshahara wa miezi. Mstari wa 7, wa kodi na heshima, kautimiza; wa 8, "Msiwiwe na mtu cho chote", kauruka. Kama ni wewe, mlipe wiki hii, pamoja na malimbikizo yote, na umwombe radhi.