Milioni moja na moja si namba tasa

Wengi huamini kwamba namba kubwa ya witiri, isiyoishia na 5 na isiyogawanyika kwa 3 wala 7, lazima iwe tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Imani hiyo ina mantiki yake, lakini itazame 1,000,001. Jumla ya tarakimu zake ni 2, kwa hiyo 3 haiingii. Ukigawa kwa 7 hubaki 2. Kwa 13 hubaki 2 vilevile. Ni rahisi kuchoka mapema, maana namba tasa zote 25 zilizo chini ya 100 hugoma. Ya 26 ndiyo hukubali: 101. Chukua kalamu: 9,901 mara 100 ni 990,100, ongeza 9,901 nyingine, unapata 1,000,001 kamili.

Kupima namba yoyote, jaribu namba tasa moja moja hadi kipeuo chake cha pili. Hapa ni 1,000 na nukta kidogo sana. Ukifika huko bila kupata kigawo, ni tasa kweli. Jirani yake 1,000,003 hufaulu mtihani huo wote, ingawa kwa kuzitazama tu utadhani ni mapacha.