Keki Zinazojifanya Chakula Kingine: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Wengi huamini kwamba keki zinazofanana na vyakula vingine ni zao la mwaka 2020, pale zilipoenea video za kisu kikipasua kitu kinachoonekana kama kitunguu au kiatu na ndani yake kukatokea keki. Mchezo huu wa jikoni ni wa zamani zaidi. Mjini Palermo, katika kisiwa cha Sicilia, matunda ya lozi na sukari yaitwayo frutta martorana, yenye jina la konventi (makao ya watawa) ya huko, hufinyangwa na kupakwa rangi kwa ajili ya siku ya kuwakumbuka marehemu, tarehe 2 Novemba. Mjini Mannheim, Ujerumani, mwaka 1969, Dario Fontanella alipitisha aiskrimu ya vanila katika kifaa cha kukamulia tambi, akaimwagia sosi ya stroberi, ikaonekana kama sahani ya spageti. Mtu wa pwani yetu aliyelelewa kwa tambi za sukari na iliki huenda asishangae sana, kwa kuwa kwake tambi zimekuwa kitu kitamu tangu utotoni.

Dhana inayowakatisha tamaa waokaji wa nyumbani kuliko zote ni kwamba kazi hii haiwezekani bila fondanti (kinyunga laini cha sukari kinachofunika keki), vifaa vya bei kubwa na mkono wa mchongaji. Ukweli ni kwamba jicho hudanganywa na uso wa kitu, yaani mng'ao wake, ukavu wake na dosari zake, kabla halijapima umbo. Kartoshka ya Warusi ni makombo ya keki au biskuti yaliyokandwa kwa siagi na maziwa mazito ya kopo, yakaviringwa kwa mkono na kugaragazwa katika kakao. Kwa kuwa kakao haishiki kwa usawa, kitonge hicho huwa na sura ya kiazi kilichotoka shambani na udongo wake. Salami ya chokoleti, inayoiga soseji kavu ya nyama iitwayo salami na kupendwa Italia na Ureno, haihitaji hata oveni: vipande vya biskuti vilivyovunjwavunjwa ndani ya chokoleti huonekana kama mafuta ndani ya nyama, na sukari ya unga inayopakwa kwa nje huiga ule weupe wa ganda la salami halisi. Wajerumani nao huoka keki ya sinia, wakaitandazia krimu nyeupe na kupanga juu yake nusu za aprikoti za kopo, na papo hapo sinia zima hujaa mayai ya kukaanga. Hakuna kilichochongwa katika mifano hiyo mitatu. Kwa maoni yangu, anayeanza na fondanti anaanza na kitu kigumu zaidi na kisicho kitamu zaidi, kwa sababu fondanti ina uso mmoja laini, ilhali chakula halisi hakina uso wa namna hiyo.

Kwa hiyo anayetaka kuoka baga ya keki ashughulikie kwanza ukavu wa mkate wake na unyevu wa nyama yake. Keki ya vanila iliyookwa katika bakuli dogo lisiloharibiwa na joto hutoa mgongo wa mviringo, ufuta halisi hunyunyiziwa juu, keki nzito ya chokoleti iliyokatwa kwa ukingo usionyooka huwa nyama, na jamu nyekundu huvuja pembeni kama sosi ya nyanya. Ukubwa nao una nguvu: baga ya keki iliyo sawa na baga ya kweli, ikiletwa na karatasi yake, huaminika kuliko ile iliyo kubwa kama beseni.

Kuna pia wanaodhani kwamba keki laini kuliko zote ndiyo bora kwa kazi hii. Kwa kuviringa au kupanga, inafaa. Kwa kukata maumbo, hapana. Keki ya siagi iliyopoozwa vizuri hukatika bila kumeguka kwa sababu siagi huganda, lakini keki ya mafuta ya maji hubaki laini hata ikitoka kwenye friji.

Katika rangi, kosa la kawaida ni kudhani kwamba rangi za asili hazina matatizo. Binzari ya manjano ikikutana na bekingi soda nyingi hugeuka nyekundu ya kutu, kwa kuwa rangi yake hubadilika penye alkali, na keki iliyokusudiwa kuwa na sura ya kiini cha yai hutoka kama tofali. Wekundu wa kiazisukari chekundu (bitiruti) huharibiwa na joto la oveni, hivyo unafaa zaidi katika krimu isiyookwa, hasa yenye tone la limau. Anayenunua rangi za dukani ajue kwamba zile za jeli hazizidishi maji katika krimu kama zile za majimaji, na kwamba rangi ya krimu ya siagi huendelea kukolea kwa saa kadhaa. Aliyeacha kuongeza mapema mara nyingi ndiye hupata rangi aliyoitaka. Ila rangi yenye manufaa kuliko zote ni kahawia, ambayo kakao huitoa bure pamoja na ladha. Madoa ya chapati, kwa mfano, hupatikana kwa kugusagusa uso mkavu kwa brashi yenye kakao kidogo.

Dhana yenye hatari ya kweli inahusu unga wa kung'arisha, ule unaopakwa juu ya keki ili imetemete. Neno "haina sumu" kwenye kichupa halimaanishi kwamba kilichomo kinaliwa. Katika jimbo la Rhode Island, Marekani, mwaka 2018, watoto waliokula keki ya sherehe ya kuzaliwa iliyopakwa unga wa namna hiyo walitapika, na uchunguzi ukaonyesha kwamba unga wenyewe ulikuwa na shaba nyingi. Huko Missouri, mwaka 2019, mtoto wa mwaka mmoja alikutwa na madini ya risasi mwilini baada ya kula keki yenye unga wa mapambo. Taarifa ya matukio hayo ilitolewa na CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, mwaka 2021. Unga unaoliwa huandikwa viambato vyake. Usioandikwa kitu, au ulioandikwa kuwa ni wa mapambo tu, usifike kwenye keki.

Friji nayo husingiziwa kuwa mlinzi wa kila keki. Katika joto la Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari, krimu ya siagi hulegea mezani, kwa hiyo friji inahitajika. Lakini fondanti ikitolewa humo ghafla hupata umande, sukari hunyonya maji na uso huwa wa kunata. Keki ya aina hiyo ifungwe ndani ya boksi, na boksi lisifunguliwe mpaka ubaridi uishe.

Mwisho ni imani kwamba raha ya keki hizi ni kumficha mlaji kila kitu. Lozi, karanga, maziwa na mayai havionekani katika kiazi wala salami ya bandia, hivyo mwenye mzio aambiwe kilichomo kabla hajapewa kipande.