Kipimo cha damu na saratani ya mapafu: maswali kutoka Mwanza

Nimepima damu maabara mjini. Karatasi inasema CEA 7, na ya kawaida ni chini ya 5. Nina saratani ya mapafu?

Karatasi hiyo peke yake haiwezi kusema hivyo. CEA ni protini ambayo uvimbe wa saratani huweza kuimwaga kwenye damu, ila haitoki huko tu. Mvuta sigara huwa nayo juu kidogo hata akiwa mzima. Ini likiumwa hupanda, utumbo ukivimba hupanda, na saratani ya utumbo mpana huipandisha pia. Kwa hiyo hata ingekuwa saratani, CEA isingekuambia iko wapi.

Na ikisoma kawaida, nimesalimika?

Hapana, na hapa ndipo ninapoogopa zaidi. Saratani changa mara nyingi haimwagi cha kutosha kuonekana. Mtu anayekohoa damu akipewa karatasi safi atarudi zake Mwaloni Kirumba kuuza dagaa, na uvimbe uendelee kukua. Ndiyo maana kipimo hiki hakifai kuchunguza watu wasio na dalili, hata kikiwekwa kwenye zile “ofa za kupima mwili mzima”.

Mbona wengine huandikiwa CYFRA 21-1, NSE na ProGRP pamoja?

Hivyo navyo ni vipimo vya protini kwenye damu, kama CEA, na kila kimoja kina upande wake. NSE na ProGRP huelekea kupanda kwenye saratani ya chembe ndogo, ile inayosambaa haraka. CYFRA 21-1 hupanda zaidi kwenye aina nyingine za saratani ya mapafu. Vikisomwa pamoja na picha inayoonyesha uvimbe, vinampa daktari fununu.

Lakini angalia NSE. Chembe nyekundu za damu zenyewe zinayo. Damu ikitolewa Ukerewe, ikakaa saa nyingi bila kuzungushwa kwenye mashine, ikatikiswa kwenye boti na bodaboda, chembe hupasuka na namba hupanda bila saratani yoyote. Ukiona imepanda, uliza kwanza sampuli ilifikaje maabara. ProGRP nayo hupanda figo zikishindwa kazi.

Nimemaliza dozi ya TB ya miezi 6, bado nakohoa na nakonda. Nikapime damu hiyo?

Usianzie huko. Rudi kliniki, makohozi yapimwe tena. Muulize daktari: mwanzoni vimelea vilionekana kwenye makohozi, au nilianzishiwa dawa kwa sababu ya picha ya eksirei? Swali hilo ni zito, maana kwenye eksirei TB na saratani hufanana sana. Kama vimelea havipo, omba rufaa ya kwenda hospitali ya Bugando ukapigwe CT scan, picha inayoonyesha mapafu kwa undani, kisha uvimbe ukionekana kikatwe kipande chake kidogo, yaani kinyama. Kinyama kikisomwa kwa hadubini ndicho kinachothibitisha saratani na aina yake.

Sijawahi kuvuta sigara, nabanika samaki tu.

Wasiovuta nao huugua, na moshi wa kuni si rafiki wa mapafu. Kikohozi kikizidi wiki 2, nenda kliniki.

Sasa kipimo hiki kina kazi gani?

Kazi yake kubwa huja baada ya saratani kuthibitishwa. Hupimwa kabla ya matibabu, halafu hurudiwa kuona kama namba inashuka au inapanda, sambamba na picha. Rudia maabara ileile, kwa mashine ileile, kwa sababu mashine tofauti husoma damu moja kwa namba tofauti.