Je, wajua kwa nini binti anayeacha kazi Muscat, Oman, huitwa mtoro?

Huku Iringa kazi za ndani si jambo geni. Kwa miaka mingi mabinti wa Kilolo, Mufindi na Njombe wameshuka mlima Kitonga kwenda Dar, na si wachache wanaoteseka huko: mshahara haulipwi, usingizi ni wa jikoni, wengine wanapigwa. Lakini bosi akizidi, binti anafunga begi, anafika stendi ya mabasi ya Mbezi na jioni yuko Ipogolo, hapa Iringa. Hakuna polisi anayemsaka kwa kuacha kazi.

Sasa wapo wanaovuka Dar na kufika Oman au Saudia. Huko njia hiyo ya kurudi imefungwa, na kinachoifunga ni viza.

Utaratibu wenyewe huitwa kafala. Mwajiri ndiye anayemdhamini mgeni, na kibali cha kukaa kinasimama juu ya jina la mwajiri huyo. Kazi ikikatika, haki ya kukaa nayo inakatika. Binti akitoka nyumbani bila ruhusa, mwajiri anaweza kutoa taarifa kwamba ametoroka. Hapo aliyepigwa ndiye anayetafutwa, akamatwe na kurudishwa kwao.

Neno lenyewe, mdhamini, linaniuma. Kwetu mdhamini ni mtu anayesimama mahakamani ili wewe utoke. Kule, mdhamini asiporidhia, hutoki.

Ndiyo maana kukataza mateso kwa sheria tu hakutoshi. Mwaka 2015 Kuwait ilitunga sheria ya wafanyakazi wa ndani: mwajiri asishike pasipoti, na siku moja ya mapumziko kila wiki. Ni sheria nzuri. Ila binti anayetaka kuitumia inabidi amshtaki mtu yuleyule anayeshikilia malazi yake, chakula chake na kibali chake. Wangapi watathubutu?

Nafuu ya kweli huanzia kwenye kibali. Mwaka 2020 Qatar iliondoa sharti la kuomba ruhusa ya mwajiri ili uhamie kazi nyingine. Kanada, tangu 2019, mgeni anayenyanyaswa anaweza kuomba kibali kisichomfunga kwa mwajiri mmoja. Australia nayo, tangu Julai 1, 2024, aliyeachana na mdhamini wake hupata hadi siku 180 za kutafuta mwingine, badala ya 60 za zamani, na anaruhusiwa kufanya kazi wakati akitafuta. Kwangu mimi, siku hizo 180 ndizo basi lake la Mbezi.

Binti anayejiandaa kuondoka asikubali kupelekwa kwa viza ya matembezi eti atabadilishiwa akifika. Aulize TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, kama kampuni inayompeleka inatambulika. Mkataba ausome kwa Kiswahili kabla ya kutia saini. Na nakala ya pasipoti, mkataba, jina la mwajiri na namba ya ubalozi wetu amwachie mama nyumbani, maana siku simu yake ikizimwa, mama ndiye atakayeanza kuuliza.